Jinsi ya Kuchagua Mbuzi ya Kukunia Nazi: Mwongozo Kamili

Wengi wakienda kununua mbuzi huangalia mbao kwanza: imepigwa vanishi, ina nakshi pembeni, inakunjika bila kugoma. Hayo ni mambo ya pahala pa kukalia. Kazi ya kukuna inafanywa na kipande kidogo cha chuma chenye upana wa vidole vitatu hivi, na kikiwa kibaya, hata mbao ya mninga haitakusaidia. Mwongozo huu unaanzia kwenye chuma, unakwenda kwenye kibao, kisha unaeleza namna ya kupasua nazi, kuikuna na kuitunza mbuzi yenyewe idumu miaka.

Nyama ya nazi iliyokomaa karibu nusu yake ni maji na theluthi moja hivi ni mafuta. Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya seli, na kukuna ni kuzipasua hizo seli ili ukikamua yatoke pamoja na maji. Nazi ikitoka chembe ndogo, laini na za ukubwa mmoja, kasimele, yaani lile tui la kwanza, inakuwa nzito kwa mkamuo wa kwanza. Ikitoka vipande virefu vinene, mafuta yanabaki kwenye machicha na unayatupa. Mara nyingi mpishi akilalamika kwamba nazi za siku hizi hazina tui, meno ya mbuzi yake yameshakuwa butu.

Jua kwanza unakuna nazi ngapi

Kwa nyumba inayopika kwa nazi moja hadi tatu kwa siku, mbuzi ya kukalia inatosha na hakuna kifaa kinachoipita kwa ubora wa tui. Mtu aliyezoea humaliza nazi moja kwa dakika tano hivi. Ukiwa mama lishe au unapika kwa shughuli, nazi kumi na zaidi, viganja na mgongo vitakulemea; hapo mashine ya sokoni ndiyo njia, na masharti yake yako chini. Anayeishi ghorofani Ulaya, Marekani au kwenye nchi za Ghuba, asiye na pahala pa kukaa chini, atafaa zaidi na mashine ya mkono ya kuzungusha.

Ulimi wa chuma

Ulimi una sehemu tatu: mkia unaofungwa kwenye mbao, shingo inayotokeza mbele, na kichwa chenye meno. Kila sehemu ina kasoro zake.

Anza na kichwa. Nusu ya nazi ya kawaida ina mdomo wa sentimita 9 hadi 11, na ndani imezama. Kichwa chenye upana wa sentimita 4 hadi 5, kilichoviringwa mbele, kinaingia hadi chini kabisa na kugeuka bila kugonga kingo. Kikizidi sentimita 6, kinakuna pembeni tu na kuacha nyama ya katikati. Kikiwa chembamba sana, mithili ya kidole gumba, kinachimba mifereji na kufikia ganda la kahawia kabla nyama ya kando haijaisha.

Dawa ya kubahatisha ni kwenda dukani na kifuu kikavu cha nazi za ukubwa unaotumia. Kiweke juu ya kichwa cha chuma, kisha kizungushe polepole. Ukiangalia kwa pembeni, mviringo wa chuma na mviringo wa kifuu vifuatane. Mwanya ukizidi milimita 3 pahala popote, hapo ndipo patakapobaki nyama isiyokunika. Muuza duka akikushangaa, mwache ashangae.

Meno yawe mafupi na ya karibu: kina cha milimita 2 au 3, na nafasi kati ya jino na jino kiasi hichohicho. Meno marefu yanapendeza kwa macho na yanamaliza nazi haraka, ila yanang'oa nyama badala ya kuichana, na machicha yanatoka mazito. Pitisha ukucha taratibu kwa mshazari juu ya meno yote kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukucha unase kila jino kwa nguvu sawa. Ukiteleza pahala, meno ya hapo hayakupigwa tupa sawasawa. Angalia pia vijichuma vilivyoning'inia kwenye ncha, mabaki ya tupa. Fundi mzuri huvisugua na kuviondoa, la sivyo vinadondokea kwenye chakula siku za mwanzo.

Unene wa chuma uwe milimita 3 au zaidi. Bati jembamba linapinda ukigandamiza, na kila linapopinda linalegeza skrubu zake. Mafundi wengi hufua ulimi kutoka kwenye springi za gari zilizochakaa, na chuma hicho ni kizuri sana: kigumu, kinashika makali muda mrefu. Kinapata kutu kisipotunzwa, lakini kutu ya juu juu inasugulika. Chuma kisichoshika kutu ni rahisi kusafisha, na kwa anayeishi pwani, ambako hewa ya chumvi inakula kila kitu, kina faida kubwa. Kasoro yake ni kwamba vile vya bei nafuu vimekatwa kwenye bati laini na meno yanalala mapema.

Usinunue ulimi uliopakwa rangi, ya fedha wala nyeusi. Rangi itabanduka kwenye meno na kuingia kwenye nazi. Bati la mabati ya kuezekea nalo halifai kabisa, maana zinki iliyopakwa juu yake inakwanguka pamoja na nazi.

Shingo iwe na urefu wa kutosha kutoka kwenye ncha ya mbao hadi kwenye meno: sentimita 12 hadi 18. Ikiwa fupi, mkono wako unagonga mbao kila unapovuta kifuu chini, na chembe nyingi zinaangukia kibaoni badala ya bakuli. Ikizidi hapo inacheza juu na chini, nguvu zako zinapotea. Iwe imeinuka kidogo kutoka usawa wa sakafu. Ikilala kabisa, chembe zinarudi nyuma kuelekea kwako. Ikisimama sana, inabidi ukunje viganja, na baada ya nazi mbili vinauma.

Mkia ndio watu wasiouangalia kabisa. Unatakiwa ulale juu au chini ya mbao kwa sentimita 8 angalau, umefungwa kwa bolti mbili zenye nati na washa. Bolti moja inageuka kuwa mhimili: ulimi unaanza kuyumba kushoto na kulia na tundu linapanuka. Misumari inang'oka. Ukiipenda mbuzi yenye misumari kwa sababu ulimi wake ni mzuri, mpelekee seremala atoboe na kuweka bolti kabla hujaianza kazi.

Kibao

Zipo za miguu ya kudumu, zilizo kigoda hasa, na zipo za kukunja, mbao mbili zilizopitana katikati zikafunguka kama marufaa, kile kibao cha kuwekea Kurani wakati wa kusoma. Ya kudumu ni imara zaidi. Ya kukunja inatundikwa ukutani, na kwa jiko dogo hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wa ya kukunja uko pale mbao zinapopitana: ufa ukianza, unaanzia hapo. Ifungue uichunguze kwa mwanga, ukifuata nyuzi za mti. Nyuzi ziende kwa urefu wa mbao, kuelekea kwenye chuma. Zikiwa zimekatiza kwa upana, au kuna fundo la mti karibu na tundu la bolti, iache.

Mninga na mvule zinashika bolti vizuri na hazisumbuliwi sana na wadudu. Mwembe ni mwepesi na wa bei nafuu, unafaa, ila hubunguliwa. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe, tayari una wageni. Msonobari ni laini mno kwa kazi hii, bolti zinalegea kila baada ya muda mfupi. Kuliko aina ya mti, angalia kama umekauka. Mbao mbichi ni nzito kupita kiasi, ya baridi kiganjani, na ikishakauka nyumbani kwako inasinyaa: bolti zinacheza na ufa unatokea mwezi wa kwanza.

Kimo cha kukalia kwa mtu mzima kiwe kati ya sentimita 18 na 22. Chini ya hapo magoti yanapita kiuno na mgongo unapinda. Ncha ya ulimi nayo iwe juu ya sakafu kwa sentimita 25 hadi 30, ili bakuli lenye kina cha sentimita 10 likae chini yake na bado mkono na kifuu vipate nafasi ya kuzunguka.

Mwisho, ikalie palepale dukani. Weka ngumi juu ya shingo ya chuma, usiweke juu ya meno, ugandamize kama unayekuna. Miguu ya nyuma isiinuke, mbao isilie, chuma kisicheze. Kisha uhamishe uzito kushoto na kulia. Mbuzi inayoyumba ndiyo inayokata vidole vya watu, kwa sababu inateleza wakati mkono umeshika nguvu. Anayenunua kwa ajili ya bibi au mtu mwenye maumivu ya magoti atafute ya kimo cha juu zaidi, sentimita 30 hadi 35, bakuli likawekwa juu ya kistuli.

Vifaa vingine vinavyoweza kuchukua nafasi yake

Mashine ya mkono ya kuzungusha ina kichwa chenye mapezi yenye meno na mkono wa kuzungusha. Nusu ya nazi unaishikilia kwa mkono wa kushoto na kuzungusha kwa wa kulia. Inatumika sana India Kusini na Sri Lanka, kwa hiyo ughaibuni itafute kwenye maduka ya vyakula vya watu wa huko. Zipo za kubana ukingo wa meza kwa skrubu na zipo za kunyonya, zenye kitako cha mpira kinachogandia juu ya meza. Ya kunyonya inataka pahala laini kabisa, kama kioo, granaiti iliyosuguliwa au chuma. Juu ya mbao, au vigae vyenye mistari, inaachia katikati ya kazi. Ya kubana ni salama zaidi, mradi unene wa meza yako uingie kwenye mdomo wake. Pima kabla ya kununua. Tui lake linakaribia la mbuzi. Kasoro ni kwamba inafikia ganda la kahawia ghafla, kwa hiyo mguso wa mkono wa kushoto uwe mwepesi kuelekea mwisho.

Blenda inataka nyama itolewe kwenye kifuu kwanza, imenywe ganda la kahawia ikiwa unataka tui jeupe, ikatwe vipande vya sentimita 1 au 2, kisha itiwe maji ili visu vizunguke. Kwa nazi moja, nusu lita ya maji ya vuguvugu, dakika moja hadi mbili. Hapo ndipo penye shida: maji hayo yameshaingia kabla ya mkamuo wa kwanza, kwa hiyo kasimele ya kweli huipati. Kwa maharage au mchicha wa nazi haidhuru. Kwa samaki wa kupaka, unaotaka tui zito la kumalizia, utaiona tofauti. Njia ya kuponya ni kuliacha tui kwenye friji saa kadhaa. Sehemu nzito inapanda juu na unaichota. Chuja kwa kitambaa cha pamba, maana chujio la chai linapitisha chenga.

Grata ya karoti, ile ya pande nne, inawezekana kwa dharura tu. Inakuna kipande kilichong'olewa, vidole viko hatarini kwenye kila kipande cha mwisho, na matundu yake makubwa yanatoa nyuzi ndefu.

Mashine ya umeme ya sokoni ni ya haraka kuliko zote. Shida yake ni usafi na papara. Mabaki ya nazi za asubuhi yakikaa kwenye kichwa cha mashine hadi mchana wa joto yanachachuka na kuchachusha yako. Nenda mapema, omba kichwa kifutwe kabla ya zamu yako, na mwambie mkunaji aishie kabla ya ganda la kahawia; mwenye foleni ndefu hugandamiza hadi mwisho na tui linatoka la kijivu. Ukifika nyumbani kamua ndani ya saa mbili au weka kwenye friji.

Kupasua nazi ipatikane nusu mbili safi

Mbuzi nzuri haifanyi kitu na nazi iliyopasuka vipande vitano. Unahitaji nusu mbili zenye kingo nzima.

Chagua nazi nzito kwa ukubwa wake, yenye maji yanayocheza ukiitikisa, macho makavu yasiyo na ukungu. Isiyolia maji imepata ufa au imezeeka. Koroma usilichukue kwa kazi hii: nyama yake bado laini, inateleza kwenye meno na kutoka kama uji, na tui lake ni kidogo. Iliyogeuka joya, ile yenye kitu kama sifongo ndani, haina cha kukunwa. Ughaibuni, ambako nazi zimesafiri wiki nyingi, nunua moja zaidi ya unazohitaji.

Ondoa nyuzi za kumbi zilizobaki katikati. Shika nazi kiganjani, macho yakielekea upande mmoja, ili mkanda wa katikati uwe juu. Gonga mkanda huo kwa mgongo wa panga au wa kisu kizito, kamwe usitumie makali. Mgongo wa chuma unatuma mtikisiko kwenye kifuu chote na ufa unafuata mkanda; makali yanazama pahala pamoja, na yakiteleza yanakuta mkono. Kila pigo zungusha nazi sentimita 3 au 4. Mlio mkali wa mwanzo unabadilika kuwa mzito, na hapo ufa umeshaanza. Isogeze juu ya bakuli, piga mara moja au mbili zaidi, maji yatiririke.

Yaonje maji kabla ya kwenda mbele. Yakiwa na ladha ya sabuni au uchachu, nazi hiyo imeharibika hata kama nyama inaonekana nyeupe, na tui lake litaharibu sufuria nzima.

Kukuna

1. Futa ulimi kwa kitambaa chenye maji, kausha, weka bakuli pana au sinia moja kwa moja chini ya kichwa.
2. Kaa uzito wote uwe juu ya kibao. Shika nusu ya nazi kwa mikono miwili, vidole vyote nje ya kifuu, hakuna kinachopita ukingo.
3. Anza karibu na ukingo. Mikwaruzo iwe mifupi, ya sentimita 4 au 5, kutoka juu kushuka chini, na kila mmoja uzungushe kifuu sentimita 2.
4. Ukishazunguka mdomo wote, ingia ndani zaidi kwa mzunguko mwingine, hadi ufikie kitako.
5. Ukianza kuona weusi au ukahawia unachungulia, ondoka pahala hapo. Nyama nyembamba inayobaki haina faida ya kukufanya uchafue tui lote.

Usikandamize. Mbuzi yenye makali inataka uzito wa mikono yenyewe na kidogo juu yake. Ukijikuta unatumia mabega, meno yameisha makali au unakuna koroma. Watu huchimba shimo katikati kwanza kwa sababu ni rahisi kufika, halafu kingo zinabaki juu na kuvunjika zikigongwa. Ndiyo maana tunaanza na kingo.

Kwa nazi moja, mkamuo wa kwanza utie maji ya vuguvugu robo lita, ya kiasi unachoweza kuingiza mkono, ufinyange dakika mbili, ukamue kwa kifumbu, kung'uto au kitambaa. Hiyo ndiyo kasimele. Mkamuo wa pili tia robo hadi nusu lita nyingine. Hilo ni tui la kupikia mchele au maharage tangu mwanzo, kasimele ikaja mwishoni. Kilo moja ya mchele hutosheka na nazi mbili za wastani.

Ikienda vibaya

Nazi ikitoka nyuzi ndefu, ama meno ni marefu mno au unavuta mkwaruzo mrefu. Fupisha mkwaruzo kwanza, kisha fikiria tupa. Tui la kijivu lenye uchungu kidogo ni la ganda la kahawia. Chembe zikirukia mbali na bakuli, shingo imeinuka sana, au bakuli liko mbele mno. Ulimi ukicheza, kaza nati. Ukiendelea kucheza, tundu limepanuka, na dawa yake ni kuhamisha matundu sentimita chache nyuma kwenye mbao nzima, kwa kuwa washa kubwa itaficha tu tatizo. Harufu ya mafuta yaliyochacha inatoka kwenye meno na kwenye mbao chini ya mkia, pahala ambapo brashi haifiki: fungua bolti mara moja kwa mwezi, osha pande zote mbili, kausha, funga tena.

Kutunza na kunoa

Osha mara tu umalizapo, kabla chembe hazijakauka kati ya meno. Brashi ya nyuzi, maji ya moto na sabuni kwenye chuma. Mbao ifutwe tu, isilowekwe kamwe. Kausha chuma kwa kitambaa, kisha pitisha tone la mafuta ya nazi. Isianikwe kwenye jua kali la adhuhuri, mbao itapasuka. Kivuli chenye upepo kinatosha. Itundike kichwa kikielekea ukutani na uvike meno kifuu kitupu kilichofungwa kwa kamba, hasa nyumba yenye watoto wanaotambaa.

Makali yakipungua, tumia tupa ndogo ya pembetatu. Funga ulimi imara, pitisha tupa kwenye kila pengo mara tatu au nne, kwa kusukuma mbele tu, kwa pembe ileile iliyokuwepo. Hesabu ya pasi iwe sawa kwa kila pengo, vinginevyo meno yatatofautiana urefu na marefu ndiyo yatakayofanya kazi peke yake. Sugua upande wa chini wa ncha kwa msasa laini kuondoa vijichuma, osha, kisha kuna kipande kidogo cha nazi cha kutupa. Kwa matumizi ya kila siku, mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. Kina cha mapengo kikishafika chini ya milimita 1 na kichwa kimefupika hadi hakifiki kitako cha kifuu, mwachie fundi afue ulimi mwingine. Kibao kizuri kinaweza kubadilishiwa ulimi mara nyingi.